Majivu ya Zahanati

Mimi ndiye niliyezisifia zile sindano za plastiki. Nasema mapema, asije akasingiziwa mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nesi katika zahanati ndogo ya Gisenyi, Rwanda, nimerudi kutoka Tanzania, najiona mjuzi kweli kweli. Sindano zetu zilikuwa za kioo, tukizichemsha kila asubuhi kwa kuni za mikaratusi. Majivu hatukuyatupa. Mama mmoja wa kijiji cha Cyanzarwe alikuja na ndoo kila wiki, akayapeleka kwenye vitunguu vyake.

Zilipoletwa za plastiki, za kutumia mara moja na kutupa, mkuu wetu alinipa karatasi ya kuzitathmini. Je, ni salama? Ni rahisi? Wagonjwa wanazikubali? Nikajaza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nani alitaka kurudi kwenye moshi? Zilizotumika tulizitia moto shimoni, nyuma ya jengo. Swali la zinakoishia halikuwamo, na mimi, Mungu anisamehe, sikuliongeza.

Yule mama akaja na ndoo yake, akakuta jiko limepoa. Nikamwonyesha shimo. "Chukua hapa, mama, majivu ni majivu." Tena nilifurahi! Shimo lilikuwa linajaa, na kuchimba jingine katika mawe yetu ya volkano ni kazi ya kuvunja mgongo. Plastiki inaungua, chuma hakiungui. Hilo hata mtoto analijua.

Baada ya wiki mbili alirudi, mkono wa kulia umevimba hadi kiwiko. Alifungua fundo la kitenge chake mezani pangu. Ndani mlikuwa na ncha za chuma za sindano, nyeusi kwa moto, nyingi.

"Muganga, mi nilizikuta mu shamba. Nimeziokota zote. Nilisema pengine munazitafuta."

"Na huo mkono?"

"Moja iliniingia. Bon, ni mi sikuangalia."

Yewe! Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kumwambia kosa ni langu, nikaishia kusema, "Pole, mama." Mkuu alisema tusipouwahi, mkono utakatwa. Basi nikawa namchoma dawa kila siku, kila siku sindano mpya. Nikimaliza, nabaki nimeishika, naona aibu kuelekea shimoni mbele yake.

Siku ya tatu akaninyooshea mkono wake uliobaki mzima.

"Leta, muganga. Mi nitakutupia."