Kinyozi Aliyeambiwa Hajui Kuongea

Mpaka leo nikikumbuka kikao kile cha kamati ya harusi, nakasirika upya. Mdogo wangu anamwoza binti yake wa pekee, halafu watu wanakaa kwenye viti vyake, wanakunywa chai yake, wanaamua kwamba neno la baba atalisema binamu yetu, mwenyekiti wa kamati, kwa sababu amezoea vikao vya ofisini. Eti mdogo wangu hajui kuongea.

Kinyozi, jamani, hajui kuongea. Mtu ambaye wateja wake hunyolewa, wakajifuta shingo, wakalipa, kisha wakabaki kwenye benchi kungoja mwisho wa hadithi.

Mwenyewe alikuwa akijikuna kidevu tu. Nikawaambia mtoto ana baba, na baba ana mdomo. Wakakubali shingo upande, ila wakamwandikia hotuba, inaanza na waheshimiwa na kuishia na waheshimiwa.

Siku yenyewe akaitwa mbele. Suti inampwaya, karatasi mkononi. Akasoma mstari mmoja, akatazama ukumbi mzima unavyomkodolea macho, ulimi ukagoma. Mshereheshaji, kijana wa viatu vya kumetameta, akaona amepata riziki.

"Mzee wetu chaji imekata, nani ana waya?"

Ukumbi ukacheka. Meza ya kamati nayo ikacheka, na hilo sitawasamehe. Mwenyekiti tayari alikuwa anafunga vifungo vya koti aende kuokoa jahazi.

Nikainuka na magoti yangu haya haya. Lakini bibi harusi alinitangulia. Alibeba kiti chake kutoka meza kuu, akakiweka mbele ya baba yake, akakaa na kumpa kisogo.

"Baba," akasema, "nitengeneze."

Mdogo wangu akatia karatasi mfukoni. Akamwachia binti kipaza sauti amshikie, akaanza kumnyoosha shela na kumbana kibanio kilicholegea. Mikono ilipopata kazi, mdomo ukafunguka, kama unavyofunguka kila siku pale kazini kwake akiongea na kisogo cha mtu.

"Tulia, usitikisike," akasema. "Huyu alipokuwa mdogo alichukua mashine yangu akajinyoa nyusi moja. Mama yake kuniuliza, nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Nikalala njaa mimi, siyo yeye."

Watu hoi kwa kicheko. Akasimulia binti alivyokuwa akizoa nywele za wateja sakafuni ili amtengenezee mwanasesere wake wigi, na mwanasesere akaota mvi kabla ya wakati. Kisha akamgeukia mkwewe, vidole bado viko kwenye shela.

"Mwanangu, ukimuuliza ana nini, akakuambia hana kitu, usiende zako. Vuta kiti ukae. Kitu kipo."

Wanawake tukapiga vigelegele. Mshereheshaji alipokuja kuchukua kipaza sauti, watu wakamrudisha kwa zomeazomea, mdogo wangu akaendelea mpaka aliporidhika.

Baadaye mwenyekiti akaja mezani kwangu, meno yote nje.

"Dada, kumbe ndugu yetu anajua kuongea."

"Kumbe ya nini?" nikamuuliza. "Si amekunyoa wewe tangu una nywele?"

Akajipapasa upara, akatafuta pa kukaa. Sikumpisha.