Novena Uani kwa Bibi Ngolo

Siku yangu ya kwanza kazini, Padre Paroko alinipeleka kigango cha Kiloleli, kanisa dogo la kijijini, akanionyesha kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini. Akaniuliza, "Mwalimu, ukiigonga hii watu wakaja, utawaambia nini?" Nikaanza kutaja mafundisho ya katekisimu. Akanikatiza. "Utawasalimia kwa lugha yao, mwangaluka, kisha utawauliza wameamkaje."

Sisi makatekista tuliitwa walimu. Padre alifika kigangoni mara chache, kwa pikipiki, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote sisi ndio tulioongoza ibada, tukawafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, tukazika wafu. Kila kigango kilikuwa na somo wake, mtakatifu msimamizi, na kabla ya sikukuu yake tulisali novena: siku tisa mfululizo za rozari na litania, ile sala ndefu ambayo kiongozi hutaja na watu huitikia "utuombee".

Kutoka Kiloleli nilihamishiwa Mwamapalala, kwa wafugaji. Somo wetu huko alikuwa Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria. Ulikuwa wakati wa soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, maduka yakajaa redio na baiskeli; lakini dawa ya josho, birika la kuogeshea ng'ombe, ambayo zamani serikali iliileta, sasa wafugaji waliambiwa wajinunulie. Josho likakauka, nyasi zikaota ndani. Kupe wakazidi, na ndigana, ugonjwa wanaouleta, ikaua ng'ombe.

Aliyepoteza wengi ni Maduhu. Alikwenda kwa mganga, akarudi na jibu kwamba adui yake, anayewaroga ng'ombe, ni kikongwe jirani. Jirani kikongwe alikuwa mmoja tu: Bibi Ngolo, mjane asiye na mtoto, mwenye macho mekundu, ambayo watu waliyaita ya mchawi, kumbe ni ya moshi, maana kuni zilikuwa adimu na alipikia samadi kavu. Kijiji cha pili kikongwe mwingine alikuwa ameshakatwa mapanga. Watu waliacha kumsalimia Bibi Ngolo, na kwetu asiyesalimiwa ameshaanza kuzikwa.

Novena ilikuwa inakaribia. Nikaenda kwa Paroko kumwomba tuisalie uani kwa bibi huyo badala ya kanisani.

"Amebatizwa?" akauliza.

"Hapana, Padre. Anatambikia mababu zake."

Akasema, "Nenda. Lakini usihubiri habari za uchawi. Ukianza kubishana nao wataondoka, na bibi atabaki peke yake. Ninyi salini tu."

Jioni ya kwanza tulikuwa mke wangu, mimi na akina mama watatu wenye hofu. Niliegemeza picha ya somo kwenye ukuta wa nyumba. Bibi Ngolo akaisogelea, akaitazama.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni Anna, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake. "Bibi yake Yesu."

"Alizeeka?"

"Alizeeka."

"Na hawakumuua?"

Mke wangu akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka.

Kila jioni watu waliongezeka. Akina mama wakaanza kulala kwake kwa zamu; hakuna aliyewatuma. Maduhu alikuwa anasimama nje ya ua wa minyaa, fimbo mabegani, akitutazama. Kila nilipomwona nilisahau niliyekuwa namtaja kwenye litania.

Siku ya nane akaingia. Sala ikakatika.

"Mwalimu," alisema, "huyu mnamwombea. Ng'ombe wangu nani anawaombea?"

Watu wakanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Bibi Ngolo akajibu kutoka mkekani.

"Waombeeni. Maziwa yao mama yako alikuwa ananiletea. Unadhani mimi sikuwalilia?"

Basi tuliwaombea, bila kitabu, maana sala ya namna hiyo haikuwamo. Sikusikia Maduhu akiitikia. Nilimwona tu ameweka fimbo chini, akachuchumaa, akaufunika uso kwa viganja.

Maduhu hakubatizwa mwaka ule, wala Bibi Ngolo hakubatizwa kamwe. Msimu uliofuata Maduhu na wafugaji wenzake walichangia dawa, josho likajazwa tena. Bibi aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, na Maduhu ndiye aliyetangulia kushika jembe kaburini.

Nimestaafu sasa. Makatekista vijana huniuliza kama aliyemwokoa ni Mtakatifu Anna au wale akina mama waliolala kwake. Huwajibu kwamba mimi sijui kuwatenganisha. Nawaambia pia kwamba kijiji kingine, mwaka mwingine, nilifika na picha yangu nikakuta matanga ya kikongwe aliyeshauawa. Kwa hiyo msinisikilize kama mtu mwenye dawa. Ninachokijua ni kidogo: ni vigumu kumwinulia panga mtu ambaye jana ulikaa mkekani kwake. Novena ikikaribia, wanangu, ulizeni kwanza nani hapa kijijini amekosa wa kumsalimia, kisha mbebe mikeka mwende huko.