Jina Lililoulizwa Kivukoni

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya wali. Ilikuwa siku yako ya saba duniani, mwanangu, na uani kwa Bi Zuhura vyungu vilikuwa motoni tangu alfajiri, kwa sababu siku hiyo ungenyolewa nywele na kupewa jina.

Nakusimulia leo kwa sababu ya jana. Jana ulirudi kutoka mtoni umenuna, ukatua mtungi kwa kishindo, ukasema: «Mama, unipe jina lingine. Mbilizi njo jina ya porini. Wenzangu wanacheka. Mimi nataka niitwe Zena.» Sikukujibu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako, ilikuwa ya watu wengine wa zamani. Sikutaka ikuangukie wewe.

Wanaotoa nasaha ni wazee wenye mvi na subira. Mimi mvi sina, na subira ndiyo kabisa. Lakini wazee wetu wako mbali, na yule mmoja niliyekuwa naye hapa nimemzika. Kwa hiyo kaa chini, utasikia kwangu.

Mimi sikuzaliwa Kindu. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, ukipita Kailo na kuingia msituni upande wa Pangi, mwendo mrefu. Nilipozaliwa, mama wa baba yangu alikuwa amekufa karibuni, nikapewa jina lake: Wabiwa. Usiniulize maana yake. Kwetu jina la namna hiyo halitafsiriwi, maana yake ni mtu. Baba yangu Mukamba, mwanamume mwenye ndevu zake, aliniita mama. Akirudi kuwinda, kipande kizuri cha nyama kilikuwa changu, kwa sababu nani atamnyima mama yake? Kaka yangu Kalonda aliniita bibi, na akinikosea alikuja kuomba radhi ameinama, huku anajizuia kucheka. Nilikuwa mtoto wa kukimbizana na kuku, na nyumba nzima iliniheshimu. Hiyo ndiyo maana ya jina langu.

Kisha wakaja watu wa bunduki. Sehemu hiyo sitakueleza leo. Utaisikia ukiwa mkubwa, na ukiisikia hutaisahau. Leo nataka ujue tu nilivyofika kwenye baraza hii ya Bi Zuhura, mke wa yule Bwana aliyetoka pwani. Alikuwa ameketi anachambua mchele kwenye ungo. Hakuwa mwanamke mkatili, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alinitazama, akasema, «Huyu mwiteni Faida,» akarudi kwenye ungo wake. Kokoto aliyoiona katika mchele aliifikiria muda mrefu kuliko jina langu.

Mle ndani walikuwamo Baraka, Zawadi, Mabruki. Yatazame vizuri majina hayo, mwanangu. Hakuna hata moja linalosema habari ya mwenye kuitwa. Yote yanasema habari ya mwenye kumiliki: yeye ndiye aliyefaidi, yeye ndiye aliyebarikiwa, yeye ndiye aliyepewa. Na baba yako Hamisi, unajua kwa nini ni Hamisi? Kwa kuwa alifikishwa hapa siku ya Alhamisi. Msafara ungechelewa kidogo njiani, leo ungekuwa binti Juma.

Tena kulikuwa na jina la pili. Mwalimu aliyetufundisha sala alipouliza sisi ni mabinti wa nani, watu wengine walitujibia: binti Abdallah. Mimi binti Abdallah, yule binti Abdallah, wote tuliotoka misitu mbalimbali, baba mmoja. Jina lenyewe ni jina jema, linamtaja mja wa Mungu, na Mungu simlaumu. Nawalaumu waliolichukua kuzibia tundu walilolitoboa wenyewe.

Aliyenipokea jikoni alikuwa Mama Tabu. Yeye alikuwa mtu mzima tayari, mikono imejaa alama za moto. Siku za mwanzo nilikuwa nikilia, akaniweka karibu naye, akaniambia: «Mutoto, jina yako ya kwenu uimeze. Usiitaje hapa, hata kwangu. Nguo walikuvua, shanga walikuvua. Jina hawaioni, hawawezi kuivua.»

Nilimwamini. Alikuwa ndiye mama niliyebaki naye. Nikalimeza jina langu, nikaitika Faida, nikakua nikiitika Faida. Kwa miaka yote ile hapakuwa na mtu mmoja ndani ya Kindu aliyejua kwamba mimi ni mama wa mwanamume mwenye ndevu.

Vita ya Wazungu na mabwana wa pwani ikaja, ikapita. Bwana alikimbia, hakurudi. Tuliambiwa kwamba sasa sisi si wa mtu. Tuliambiwa hivyo asubuhi, na jioni tulitwanga mpunga uleule, katika kinu kilekile, kwa Bi Zuhura yuleyule. Tungekwenda wapi? Baba yako alinioa, tukajenga kibanda nyuma ya uzio wake, ukazaliwa wewe.

Basi siku ya saba ikafika. Mwalimu amekaa mkekani, wanawake wamejipanga ukutani, Mama Tabu yuko chunguni na mwiko wake. Bi Zuhura amekupakata, kichwa chako kimenyolewa kinang'aa kwa mafuta. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayegawa chakula:

«Zawadi. Zawadi binti Hamisi.»

Wanawake wakaanza vigelegele. Nikasema:

«Zawadi ya nani kwa nani?»

Vigelegele vikakatika.

«Unasemaje, Faida?»

«Nauliza, Bi Zuhura. Huyu ametolewa na nani, na aliyepewa ni nani?»

Baba yako akanivuta kanga. «Mama mutoto, acha. Jina njo jina. Wali itapoa.»

«Wewe nyamaza, Alhamisi.»

Wanawake walicheka ndani ya mitandio yao. Hata mwalimu alitazama pembeni. Bi Zuhura hakucheka. Aliniuliza polepole, na kwa haki niseme aliuliza swali la maana: «Haya, wewe unataka aitwe nani?»

Hapo nilikwama, mwanangu. Kwetu mtoto hupewa jina la mkubwa aliyekwenda, ili yule mkubwa apate mahali pa kukaa. Na mimi sikujua nani kwetu amekwenda na nani amebaki. Baba yu hai? Mama yu hai? Ningekupa jina la mama yangu kumbe yeye anapika kwake, ningekuwa nimemzika kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote na sikuwa na jina hata moja mkononi, ila langu.

«Sijui,» nikasema. «Lakini Zawadi haitwi. Na mimi ukiniita Faida sikuitikii tena. Mimi ni Wabiwa, binti wa Mukamba.»

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina hilo kwa sauti tangu nilipokuwa mtoto. Lilitoka na sauti nyembamba, ya kitoto, kana kwamba lenyewe halikukua.

Mwiko wa Mama Tabu ukaanguka.

«Rudia,» akasema.

«Wabiwa. Binti wa Mukamba.»

Alikaa chini palepale majivuni. Aliponieleza, hakunitazama. «Muntu mumoja alikuja kwenye kivuko, wakati tunavuna mpunga. Kijana mrefu, sikio ya kushoto imepasuka. Alikuwa anauliza wanawake: Wabiwa iko wapi, Wabiwa ya Mukamba. Njo mimi nilimujibu. Nikamwambia, baba, sisi hapa tunajuana wote, Wabiwa haiko. Akauliza tena. Nikamuapia kwa Mungu.»

Sikio la Kalonda lilipasuliwa na mbwa wa kuwindia tulipokuwa watoto. Mimi ndiye niliyemzuia damu kwa majani.

Wakati wa kuvuna mpunga nilikuwa na mimba yako, nilikuwa uani humuhumu ninatwanga. Kutoka kivukoni unasikia mchi ukishuka kinuni. Kaka yangu alivuka msitu mzima, akafika, akasikia mchi wangu, akaapiwa kwamba sipo. Na aliyemwapia hakusema uongo. Hakujua. Hakujua kwa kuwa yeye mwenyewe aliniambia nisimwambie.

Sikulia. Nilikuwa na hasira, na sikujua pa kuiweka. Nikamwambia Mama Tabu mbele ya watu: «Uliniambia nilimeze.»

«Nilikuambia.»

«Na wewe, lako liko wapi?»

Wali ukaungua na hakuna aliyeinuka. Kisha akasema, «Yangu niliimeza zamani sana. Natafuta, natafuta. Naona inaanza na Nya. Halafu inapotea.»

Nilikuchukua mapajani mwa Bi Zuhura, nikaenda kukaa karibu na yule mama majivuni.

Kesho yake Mama Tabu hakuonekana jikoni. Alikuwa kivukoni, amekaa na Wagenya wanaovusha watu kwa mitumbwi. Kabla ya kwenda huko alipita kwa kila mwanamke wa ua ule na wa nyua za jirani, akawauliza majina ya kwao. Wengine walimfukuza. Wengine walimnong'oneza kama watu wanaokiri wizi. Na kila mtumbwi uliokuwa ukivuka, aliupa jina la kupeleka. Wapiga makasia walimtania: «Mama, leo umetuletea samaki gani?» Naye anajibu, uso haucheki: «Leo Wabiwa ya Mukamba, wa kupita Kailo. Iko kwa Bi Zuhura, iko muzima, iko na mutoto. Mufikishe.» Mwisho wao wenyewe wakawa wanayataja majina hayo wakipiga kasia, huyu anaanza, mwenzake anapokea.

Wewe wakati huo hukuwa na jina. Bi Zuhura aliacha kunisalimu. Majirani walisema mtoto asiye na jina ataondoka, maana hana kinachomshika. Na mimi usiku na mchana nilikuwa ninaogopa hilohilo, ila sikuwaonyesha. Baba yako, kwa kuwa lazima akuite kitu, alikuita Bado. «Bado analala? Bado ananyonya?» Alikuwa anacheka peke yake. Nilimwacha, kwa sababu hakukuita Zawadi.

Ulikuwa umeanza kukaa mwenyewe siku Mama Tabu alipoingia uani anapepesuka, amemshika mkono mwanamume mrefu kama aliyemshika mwizi. Nililiona sikio kabla ya uso.

Nilidhani atanikumbatia. Hakunikumbatia. Aliinama mbele yangu, mtu mzima yule, kama alivyokuwa akiinama tulipokuwa watoto, lakini safari hii hakuwa anajizuia kucheka. Akasema kwa lugha ya kwetu:

«Bibi, baba anauliza kwa nini umekawia.»

Nilikuinua wewe nikampa.

«Huyu nani?» akauliza.

«Hana jina. Niambie kwanza nani amekwenda.»

Akatazama chini. Alikuvuta karibu na kifua chake. «Mama,» akasema. «Amekwenda akikuulizia.»

Basi nililia, na nikiwa ninalia nikakupa jina lake. Mbilizi. Ndiyo maana mara nyingine nakuita mama, na wenzako wa mtoni wakidhani ni mapenzi ya mdomo waache wadhani. Ninapokupa kipande kizuri cha samaki, simpi mtoto tu. Nampa aliyeniulizia mpaka mwisho.

Kalonda alirudi kwa baba na habari zetu, nami nikabaki hapa na baba yako. Mama Tabu alikufa ulipokuwa unajifunza kutembea. Mwalimu aliuliza kama wanavyouliza: binti nani? Watu wakawahi kusema binti Abdallah. Nikawakatiza. Nikasema, semeni kwamba Mungu anamjua baba yake, sisi hatumjui, na msizibe mahali hapo. Ndivyo alivyozikwa. Nikienda kaburini kwake nasema kile kilichobaki, Nya, kisha nanyamaza mahali ambapo jina lingeendelea.

Sasa sikiliza nasaha yangu, na sitaipamba.

Zena ni jina zuri kwa aliyelirithi kwa bibi yake. Usilidharau, na mwenye kuitwa hivyo usimcheke hata akikucheka yeye. Lakini wewe lako lilifika hapa kwa miguu ya mtu, kupitia msitu. Huwezi kulitua chini kama mtungi kwa kuwa wasichana wamecheka. Wakikuuliza maana yake, waambie ni mtu. Kisha uwaulize na wao: jina lako lilitoka kwa nani, na huyo naye alipewa na nani? Wasiojua, usiwaache hapo. Waambie wakaulize nyumbani leo, kabla mwenye kujua hajalisahau.

Na jina lako usilimeze. Mama Tabu alinipenda, na ushauri wake ulikuwa wa upendo, lakini ulikuwa ushauri wa woga, na ulikaribia kunipotezea kwetu. Kinachofichwa wasikione maadui, ndugu nao hawakioni. Litaje. Litaje mtoni, sokoni, kwa wageni, kwa wapiga makasia. Litaje pamoja na langu na la Mukamba, mpaka watu wachoke kulisikia.

Mungu akupe umri, mama yangu mdogo, mpaka azaliwe mtoto atakayepewa jina lako, na mwanamume mzima mwenye ndevu amwite mama kwa ajili yako. Akulinde na wenye kugawa majina huku wanachambua mchele. Na popote maisha yatakapokupeleka, awepo mtu wa kukuuliza kivukoni, na awepo wa kumjibu: iko.