Namna Tulimutoa Binti Yangu Bila Tribinali

Ule mwaka njo tulikula viazi vya mbegu. Vita ilifunga barabara, soko ya Nyamitaba ilibaki na upepo tu, na kila mama alichemsha mbegu aliyoficha chini ya kitanda. Nilikuwa na kiazi mudomoni wakati binti yangu aliingia, mukono wa kuume unaning'inia. Bwana wake alimupiga na fimbo ya kuchungia ng'ombe. Meno mawili aliyafunga mu kitambaa, akaniletea. Watoto wake wawili walimufuata nyuma.

Sikulia. Nilimufunga mukono na mbao, nikaita kijana wangu. Hapo nilikosa.

Alishika mupanga akapanda Kirolirwe, akaingia mu malisho ya shemeji yake, akakata mishipa ya miguu ya ng'ombe wa kwanza aliyemuona. Akarudi na damu mpaka kwa kiwiko, anajisifu.

"Ulikata gani?" dada yake akauliza.

"Ile nyekundu, yenye paji nyeupe."

Binti yangu akakaa chini. Ile nyekundu njo sisi wenyewe tuliwapa, ng'ombe ya kujibu mahari, kama desturi yetu inavyotaka. Wajukuu wangu walikunywa maziwa yake. Nilimupiga kijana kofi mbele ya majirani.

"Pumbavu wewe! Umekata titi ya watoto wa dada yako!"

Sasa kesi ziko mbili. Tukienda tribinali, mukwe anafungwa kwa ajili ya mukono, kijana wangu anafungwa kwa ajili ya ng'ombe. Na watoto? Kwetu wanasema watoto ni wa mwenye alitoa ng'ombe za mahari. Mi nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu atoke ile ndoa na watoto wake wote wawili.

Basi tukatafuta avoka, wakili wa kutusemea, nao watu wa mukwe wakatafuta wao. Hao wawili wakatukalisha pamoja mu sale, chumba kikubwa cha kanisa, mapanga na fimbo zimebaki inje. Wakatuandikisha kwanza kwamba hakuna mwenye ataenda tribinali, na kila kitu kisemwe hapo, mbele ya wote.

"Mukivunja," avoka wetu akasema, "sisi wawili tunatoka. Mutaanza upya na wengine."

Kila kitu kilisemwa, siku tatu! Mukwe alisema binti yangu ana mudomo mubaya.

Nikamujibu: "Hauko mubaya tena, Papa. Ulishaupunguza meno."

Hata mama ya mukwe alicheka, akafunika uso. Mukwe akatukana, kijana wangu akaruka meza, wakashikana shingo, benchi ikavunjika, damu ya pua ikadondoka juu ya karatasi. Avoka wakaandika ingine.

Siku ya tatu tukasikilizana. Ndoa imekwisha. Kwa mukono na kwa ng'ombe hakuna mwenye atamushitaki mwenzake. Watoto wanakaa na mama yao, baba atawaona siku ya yenga, kisha misa, kanisani, bila fimbo.

Ila watu wa mukwe walileta kibuyu cha maziwa. Kwetu, mwenye anakunywa na adui yake amesamehe, hatakumbusha tena. Wote walikunywa: kijana wangu, hata binti yangu, kwa mukono wa kushoto. Mukwe akaniletea mwenyewe, na mikono mbili.

"Kunywa, Mama. Tumalize."

"Kidole natia kwa karatasi. Maziwa yake sitakunywa."

"Basi karatasi hakuna! Ng'ombe nilitoa, watoto ni wangu!"

Akamuvuta mujukuu wangu mukubwa kwa mukono. Mutoto akapiga kelele. Hapo baba ya mukwe mwenyewe, muzee aliyekaa nyuma siku zote tatu, akasimama na ile fimbo yake ya kutembelea, yenye walimuachia kwa sababu ya uzee. Akamupiga mabegani mara mbili, mbao ikalia kwa mufupa.

"Unataka kuvunja na mukono wa mutoto? Achilia! Tia sahihi!"

Mukwe akaachilia. Akatia sahihi, machozi ya hasira kwa mashavu. Muzee akanisogezea karatasi na wino. Halafu, pole pole, akasogeza na kibuyu.

"Mama, imekwisha sasa. Hata tone moja? Kwa heshima yangu."

Nilikandamiza kidole mu wino, nikakikandamiza kwa karatasi mpaka kucha ikauma, nikamuangalia mu macho.

"Kidole natia kwa karatasi. Maziwa yake sitakunywa."