Kadi Nilizosahihisha kwa Biki

Shule niliiacha mapema, lakini hapa Rumonge nani halijui duka langu? Binti yangu aliandika mwaliko wa harusi yake katika faili moja, na programu aliyoitunga mwenyewe ikatoa ukurasa wa mtandao kwa ndugu wa Uvira na kadi za kuchapa kwa majirani. Imamu akarudisha nikahi nyuma, kutoka Jumamosi hadi Ijumaa. Nikashika kalamu ya biki, nikasahihisha kadi zote kwa mkono.

“Papa, na wa Uvira je? Ukurasa wao bado unasema Jumamosi. Watanikuta nimeshaolewa!”

Akanikalisha kwenye kompyuta. Nikabadilisha siku ndani ya faili, nikabonyeza. Ukurasa na kadi vikatoka vipya.

Ijumaa, shangazi wa Uvira alifika wa kwanza. Nikamwambia ule mwaliko niliutengeneza mimi. Bibi harusi akacheka, hakunisahihisha.