Wito wa Adhuhuri

Bibi yangu mzaa mama hakulijua jina lake. Alilokuwa nalo alipewa kwa maji ya ubatizo kule Mbweni, kwenye misheni ya watumwa waliokombolewa, akalipenda, akakaa nalo miaka sabini na kitu. Lakini lile aliloitwa na mama yake huko bara, kabla hajaibiwa na kuvushwa bahari akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, lilimpotea. "Nakumbuka lilivyovutwa mwisho," aliniambia. "Mama akiniita kula, akilivuta. Jina lenyewe silipati." Kila alfajiri, akishawaombea wafu wote na wazima wote, hata yule aliyetuibia kuku, alimwomba Mungu amrudishie jina hilo kabla hajafa. Nilimsikia kwa masikio yangu, maana tulilala chumba kimoja.

Tulikaa Mkunazini, nyuma ya kanisa. Kazi yake ilikuwa kufua vitambaa vya altare, kuvitia wanga na kuvipiga pasi ya mkaa. Hakuruhusu mtu mwingine avishike, hata mimi niliyekuwa na mikono safi kuliko yake.

Jirani yetu, Bi mmoja wa Kitumbatu aliyekuwa akishona kofia, alikuja kuzungumza kila siku, na kila siku walibishana jambo lile lile. Kwetu Unguja, ukiitwa na usiyemwona, hasa jua likiwa utosini, huitiki mpaka uitwe mara tatu. Anayeita mara moja tu si mtu, na ukimwitikia unakwenda naye. Bibi aliitika wito wa kwanza, upesi, hata paka akilia.

"Bi mkubwa wee, utakuja chukuliwa!" jirani alimwambia.

"Usikatae wito, kataa neno," Bibi alijibu. "Anayeniita ananijua. Ntamwacha asimame nje?"

Mimi nilikuwa upande wa jirani. Nilikuwa na miaka tisa, mama yangu ameshakufa, na sikuwa na mwingine duniani ila Bibi.

Basi adhuhuri moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mtaa mzima ulikuwa umelala. Bibi alikuwa amejinyoosha chumbani, mimi nipo uani nasubiri pasi ipoe. Mtu akaita, mara moja, kutoka upande wa ukuta wa kanisa, ambako hapakuwa na mlango wala dirisha. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, haina haraka, kama ya mtu anayemwita mtoto aje kula. Aliita jina fupi nisilopata kulisikia Unguja, akalivuta mwisho.

Nikasikia kitanda cha Bibi kikilia, nikajua anainuka kuitika. Nilipiga ukelele kabla yake: "Naam!"

Bibi alitoka, leso nusu imefungwa, na uso wake ulikuwa wa kitoto kabisa. Nilimwogopa.

"Nani kaniita?"

"Nimeitwa mimi, Bibi. Jirani kaniita."

"Kwa jina gani?"

"Langu."

Akaketi kizingitini. "Sauti nimeisikia," alisema. "Jina umelifunika."

Nilijiona shujaa, kwamba nimemponya. Aliishi miaka saba zaidi, na adhuhuri zote za miaka hiyo alitoa kiti uani akakaa kuukabili ukuta ule. Hakulala tena mchana. Mara ngapi nilitaka kumwambia! Lakini niliamini kwamba nikilitamka tu, ataitika na kwenda zake. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Bibi, mjukuu huyo nilikuwa mimi.

Alipokuwa mahututi, padri ameshampaka mafuta, alinishika mkono.

"Siku ile," aliuliza, "uliitwa jina gani?"

"Langu, Bibi."

Akanichora msalaba kwenye paji kwa kidole gumba. Alikufa jioni ile ile, na uongo wangu haukumzuia hata siku moja.

Tulimzika Mbweni. Watu walipoondoka nilibaki nyuma, nikainamia udongo mbichi na kuliita lile jina, nikilivuta mwisho kama nilivyolisikia. Niliita mara tatu, kama desturi inavyotaka. Hakuitika, yeye ambaye maisha yake yote hakupata kungoja wito wa pili.