Vitabu vya Hoki Alivyoviacha Binti Yangu

Shangazi alivikuta chini ya nguo. Alikuwa amefungua sanduku la bati la binti yangu ili agawe vitu vyake, kama inavyofanywa kwetu baada ya mazishi: dada wa baba ndiye huinua kila kitu mbele ya watu na kusema kinakwenda mkononi mwa nani. Mzazi hapokei chochote, maana mzazi harithi mtoto. Sweta ilikwenda kwa binamu. Viatu vilikwenda kwa mdogo wake, binti yangu wa pili, aliye kidato cha pili. Kisha shangazi akainua kitabu. Juu ya jalada kulikuwa na kijana wa kizungu asiye na shati, ameshika fimbo ya hoki, tumbo limegawanyika vipande vipande kama mkate. Wamama waliokuwa mkekani walicheka, halafu wakakumbuka wamekuja kwa nini.

"Hizi ni nini?" shangazi akauliza.

"Ni vitabu vya marehemu," nikasema.

"Basi zinachomwa pamoja na godoro lake."

"Mimi nazitaka," akasema binti yangu wa pili. Tangu tulipomzika dada yake alikuwa hajasema neno mbele ya watu.

Shangazi akanigeukia. "Wewe ndiye mama. Sema."

Sikuwa nimesoma hata kimoja. Nikasema siwezi kuchoma kitu nisichokijua, wala kumpa mtoto kitu nisichokijua.

"Basi zijue," akasema shangazi. "Nitarudi kumalizia."

Binti yangu alikuwa na selimundu tangu utotoni, ule ugonjwa wa damu unaouma mifupa. Siku alizokuwa na nguvu tulikuwa tukiuza pamoja pale Malaba mpakani, mayai ya kuchemsha na karanga, kwa madereva wa malori wanaongoja kuvuka. Siku ambazo mifupa ilimshika alilala akasoma. Vitabu alivipata kwa mtu wa mitumba, kimoja kimoja, mpaka mfululizo ukakamilika. Nilikuwa nikimwona amenyamaza na kitabu, nashukuru Mungu kwamba halii.

Niliporudi kazini nikaanza kuvisoma. Shule yangu iliishia kidato cha pili na Kiingereza changu ni cha kupapasa, kwa hiyo nilibeba na kamusi. Kwa sababu ya yule kijana wa tumbo, nilikifunika kila kitabu kwa karatasi ya kaki kama cha mwanafunzi.

"Mama Karanga, umerudi shule?" akaniuliza dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa halijasogea tangu asubuhi.

"Nasoma tu."

"Hiyo ni Biblia?"

"Hapana."

"Nilijua. Mtu akisoma Biblia hakunji uso hivyo. Nipe mayai mawili, na chumvi usininyime."

Kweli nilikuwa nimekunja uso. Vitabu vile karibu vyote ni hadithi moja. Ni chuo kikuu cha ng'ambo, na timu ya hoki inayochezwa juu ya barafu. Kijana ni hodari, tajiri, na ana kiburi. Msichana ni maskini, lakini maskini wa kule, mwenye gari. Wanachukiana mpaka kurasa za katikati, kisha wanavua nguo, na wakishavua hawavai tena hadi mwisho. Mambo yanayosemwa hapo sitayaandika. Kuna maneno niliyoyatafuta kwenye kamusi nikatamani nisingeyapata.

Lakini uchi haukunichukiza kama mengine. Kijana anamtukana msichana mbele ya rafiki zake, anamfanya kichekesho cha chuo kizima, halafu anakuja na maua na msichana analia kwa furaha. Kijana anampiga mwenzake ngumi kwa sababu amecheza dansi na msichana wake, na msichana anaona huo ndio upendo. Mimi nimeuza karanga kwa wanaume walio safarini kwa miaka mingi. Namjua mwanamume anayepiga wenzake kwa ajili ya mwanamke, na namjua atakayepigwa hao wenzake wakishaondoka: ni huyo huyo mwanamke. Aliyeandika vitabu hivi ama hajui au hajali.

Na miili ile. Kurasa nzima zinasifu mabega, mapaja, mikono. Katika kimoja, kijana anavunjika mfupa wa bega uwanjani. Sura iliyofuata amembeba msichana ngazi zote mpaka juu. Nilikifunga nikakiweka chini ya beseni la mayai, na siku hiyo sikukifungua tena. Binti yangu alisoma hayo akiwa hawezi kuinua kikombe cha chai. Nilijiuliza alikuwa akitafuta nini humo, na sikupenda jibu lolote lililonijia. Niliona heri vichomwe. Niliona hata godoro ni safi kuliko vitabu vile.

Jioni moja tulikuwa tumekaa mlangoni, mimi na binti yangu wa pili, tunabambua karanga za kesho.

"Umefika wapi?" akaniuliza. Alijua ninasoma.

"Pale anapompiga yule mwenzake kwenye sherehe."

"Hakumpiga mtu."

"Nimesoma leo leo. Amempiga mpaka damu."

"Hapana, Mama. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Msichana akamfuata, akamwambia, ukiwa na hasira hivi mimi naenda nyumbani. Akaenda kwa miguu."

Nikamwambia hayo hayamo kitabuni.

"Ndivyo dada alivyonisomea," akasema.

Nilijua kwamba wakati wa maumivu alikuwa akimkandia dada yake miguu kwa kitambaa cha maji moto. Sikujua kwamba dada yake alikuwa akimsomea, macho kwenye Kiingereza, mdomo ukisema Kiswahili. Nikamuuliza mengine. Kila jambo lililonichefua lilikuwa limerukwa, na mahali pake pamewekwa jingine.

"Na yule kipa mgonjwa umemfikia?" akauliza.

"Kipa gani mgonjwa?"

"Yule wa mifupa. Baridi ikizidi hawezi kucheza, na timu inamwekea nafasi yake. Hawachukui kipa mwingine."

Nilikuwa nimemaliza karibu vitabu vyote. Kipa yupo. Anatajwa mara chache, na kila mara amelewa.

Mimi kudanganya siwezi, kwa hiyo nikamwambia: kipa mgonjwa hayumo, dada yako ndiye alimweka.

"Najua," akasema. "Kiingereza nasoma, Mama. Nilichungulia nikiwa nyuma ya bega lake."

"Sasa kama unajua, unavitakia nini?"

"Kuna mahali alikuwa akinyamaza kwanza, halafu anaendelea. Nataka kuona alinyamazia nini."

Alichonyamazia ni uchafu wote ule. Nilikuwa nimeshaamua kuuchoma, na sasa nikaona kwamba nikichoma kurasa zile, nitakuwa nimechoma njia pekee ya kujua binti yangu alikataa nini. Na nikimpa huyu mdogo leo, nitakuwa nimemlisha kile ambacho dada yake, akiwa na maumivu, alijitahidi asimlishe.

Shangazi aliporudi alivua viatu, akanywa chai, akauliza, "Umezijua?"

"Nimevijua. Ni uchafu."

"Si nilikuambia? Leta kiberiti."

"Havichomwi. Na huyu hatapewa akiwa bado shuleni. Vitabaki kwangu."

"Mzazi harithi mtoto. Unajua hivyo."

"Najua."

"Unasema ni uchafu, na unazitaka."

"Ndiyo."

Nikamweleza habari ya ngumi ambayo haikupigwa, na habari ya kipa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Kisha akanyanyuka, akavikusanya vitabu vyote kifuani, akasimama katikati ya chumba kana kwamba wamama wote bado wako mkekani.

"Hizi zinaenda mkononi mwa mdogo wake," akasema. Halafu akanikabidhi mimi. "Wewe umemshikia tu mpaka amalize shule. Ukizisoma tena ni shida yako."

Binti yangu wa pili alisema asante, shangazi, na hakubisha. Nikavirudisha sandukuni nikafunga. Bado sipendi kuifikiria siku atakayovifungua, na sioni kama nitazoea.

Shangazi alipoondoka tukarudi kwenye karanga. Akaniambia kitabu cha mwisho hakikumalizika. Dada yake alikuwa ameachia pale kipa anapoitwa aingie uwanjani, fainali, na mifupa imeanza kumuuma.

"Alidaka?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. "Kitabuni hayumo."

Akabambua konzi moja zaidi, maganda yakimwangukia mapajani. Kisha akaanza kunieleza jinsi uwanja ulivyokuwa baridi siku hiyo.